Baada ya Dozi ya Mwisho

Mtoto akimaliza dawa za saratani, nyumba hujaa. Simu zinaanza kuita kabla jua halijachomoza, majirani wanabisha hodi na sahani za vitumbua, na kila anayeingia anataka kumpakata mtoto, kumbusu, kumpapasa kichwa aone kama nywele zimeanza kuota. Wana haki. Wengi wao walichangia nauli, wengine walipokea zamu ya kulala wodini, wengine walifunga na kuomba. Sasa wamekuja kuchukua sehemu yao ya furaha, na mlangoni wanamkuta mzazi amesimama na ndoo ya maji, sabuni, na ombi ambalo kwetu halina namna nzuri ya kusemwa: tafadhalini, leo msimguse.

Mimi ni mama wa mtoto wa namna hiyo. Mwanangu alipatikana na saratani ya damu akiwa na miaka mitano. Sasa ana minane, na dozi yake ya mwisho aliimeza miezi michache iliyopita. Wodini walikuwapo wauguzi, madaktari, na mafaili yaliyoandikwa kila kitu. Siku dawa zinapokwisha, kazi yote ile ya ulinzi inahamia nyumbani, na mama akiipokea peke yake itamshinda. Lazima mtaa uipokee pamoja naye. Nimeliona hilo kwa macho yangu, nalo ndilo ninalotaka kuliandika.

Ugonjwa wenyewe ni lukemia kali ya limfoblasti, saratani inayowapata watoto kuliko nyingine zote. Matibabu yake huchukua miaka miwili hadi mitatu. Miezi ya mwanzo ndiyo ile watu wanayoijua: dripu, sindano za uti wa mgongo, kuongezewa damu, vidonda vya mdomo vinavyomfanya mtoto akatae hata uji. Dawa mojawapo, vinkristini, ilipatikana katika kile kiua cha rangi ya waridi chenye asili ya Madagaska, ambacho huku Pwani kinajiotea kwenye mchanga wa nyua zetu. Nimekipita tangu utotoni bila kujua kwamba iko siku kitaingia kwenye mshipa wa mwanangu. Baada ya miezi hiyo kinafuata kipindi kirefu cha vidonge: merkaptopurini kila usiku, methotreksati mara moja kwa wiki, na kliniki ya kupima damu. Mtoto anaanza kunenepa, anacheka, anacheza. Wageni wanasema amepona.

Lakini ndani ya damu mambo ni mengine. Dawa inayoua seli za saratani inaua pia chembe nyeupe, na hasa zile zinazoitwa neutrofili, ambazo ndizo za kwanza kupambana na bakteria. Mtoto mzima wa afya huwa nazo zaidi ya 1,500 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 500, daktari anabadilisha sauti. Nilidhani kwamba mtoto aliye katika hali hiyo akipata maambukizi nitaona kidonda kikivimba, kikiwa chekundu, kikitunga usaha. Muuguzi mmoja wa makamo alinikalisha akanieleza: mama, usaha ni hizohizo chembe nyeupe zilizokufa vitani. Asiye nazo hatungi usaha. Hata nimonia inaweza isionekane vizuri kwenye picha ya kifua. Dalili atakayokupa ni moja tu, homa, na pengine hatakupa nyingine.

Hapo ndipo maisha yetu yote ya zamani yalipogeuka, kwa sababu katika nyumba zetu homa ni mgeni wa kawaida. Mtoto akichemka tunasema malaria hiyo, tunampa panado, tunamfuta kwa kitambaa cha maji, tunalala, asubuhi tutaona. Kwa mtoto huyu hakuna asubuhi tutaona. Nyuzi 38, unaondoka. Hupewi ruhusa ya kumpa panado kwanza, maana itashusha homa na kuficha ile dalili moja uliyonayo, huku bakteria wanaendelea kuzaana kwenye damu. Anatakiwa awekewe antibiotiki ya mshipa haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike, kabla hata majibu ya maabara hayajatoka.

Jaribu kulieleza hilo saa nane za usiku katika nyumba ya Mbagala yenye watu wa vizazi vitatu. Shemeji anasema mvua inanyesha, subirini kukuche. Baba mkwe, mtu mwema aliyelea watoto saba, anasema kwa upole, "Mwanangu, mtoto amelala, mbona unataka kumwamsha?" Na kweli amelala, uso wake umetulia, na kipimajoto kinasoma 38.4. Unatakiwa uwe na moyo wa kumjibu mzee kwa heshima na wakati huohuo mkono wako uko kwenye mkoba uliokaa nyuma ya mlango tangu mwaka juzi: kadi, barua ya daktari, nguo za kubadili, chupa ya maji yaliyochemshwa, pesa ya bajaji ambayo haiguswi hata gesi ikiisha.

Usiku mmoja tulianzia zahanati iliyokuwa karibu, kwa kuwa barabara ilijaa maji. Wakampima malaria kwa kipimo cha haraka, kikasoma chanya, wakatuandikia dawa mseto na kutuambia twende tukapumzike. Hawakuwa watu wabaya. Walifanya kile wanachomfanyia kila mtoto, na malaria ilikuwepo kweli. Lakini malaria haimfukuzi bakteria; mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Tangu usiku ule nimekuwa na sentensi yangu moja ambayo naisema kwa sauti ya kusikika mbele ya dirisha la mapokezi lolote, kabla ya salamu, Mungu anisamehe: "Mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani, ana homa, anahitaji antibiotiki ya mshipa sasa hivi." Nimewafundisha baba yake, dada yangu, na binti anayenisaidia kazi. Ninamsihi kila mzazi mwenzangu aikariri kama anavyokariri namba yake ya simu, maana ukifika pale umeshikwa na woga maneno hupotea.

Kuna jambo jingine ambalo lilinipunguzia mzigo, nami nalisema kwa ajili ya wanaojilaumu. Bakteria wengi wanaoingia kwenye damu ya watoto hawa hawakuletwa na mgeni. Wanatoka kwenye utumbo wa mtoto mwenyewe, mdomoni mwake, kwenye ngozi yake, mahali walipoishi naye kwa amani tangu azaliwe. Dawa inakwangua utando wa mdomo na utumbo, mlango unafunguka, nao wanapita. Unaweza kuosha kila sakafu, kuchemsha kila tone la maji, kumzuia kila shangazi, na homa ikaja. Haikuja kwa sababu ulilala.

Kati ya dawa zote za mwanangu, iliyoleta maneno mtaani ni ile ya bei rahisi kuliko zote: Septrini. Kwetu kila mtu anaijua Septrini, na wengi wanaijua kwa sababu wanaoishi na virusi vya ukimwi hupewa waimeze kila siku. Jirani aliiona kwenye kabati, na baada ya juma moja nikaona watu wananiangalia kwa namna nyingine. Sikuchukia kuhisiwa hivyo, kwani ukimwi si aibu. Kilichoniuma ni kuona watoto wanaitwa ndani mwanangu anapotoka nje. Basi nikaamua kusimulia. Niliwakaribisha akina mama wa kikoba chetu nikawaeleza historia ya kile kidonge, na ninairudia hapa.

Katika miaka ya 1960, huko Memphis, Marekani, daktari Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude walianza kuunganisha dawa kadhaa pamoja, na kwa mara ya kwanza ikaonekana kwamba karibu nusu ya watoto wenye lukemia ya namna hii wanaweza kupona. Kabla ya hapo karibu wote walikufa. Lakini wakati saratani inaondoka, baadhi ya watoto hao walianza kufa kwa nimonia iliyoletwa na kijidudu kiitwacho Pneumocystis, ambacho watu wengi hukutana nacho utotoni na hakiwafanyi chochote. Hebu fikiria wazazi wale. Mtoto ameshinda saratani, anauawa na kitu ambacho mtoto wa jirani anakivuta puani na kuendelea kucheza. Mwaka 1977 daktari Walter Hughes na wenzake wa hospitali ileile walitangaza matokeo ya majaribio yao: miongoni mwa watoto waliopewa dawa tunayoiita Septrini, hakuna hata mmoja aliyepata nimonia ile, na katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa walipata 17. Ndiyo sababu mwanangu anaimeza, na ndiyo sababu anaendelea nayo kwa miezi kadhaa hata baada ya kemo, yaani zile dawa za saratani, kwisha, kwa kuwa kinga hairudi siku moja na dozi ya mwisho. Neutrofili hupanda baada ya majuma machache. Sehemu nyingine za kinga huchukua nusu mwaka, hata mwaka mzima.

Mama mmoja wa kikoba alikaa kimya kisha akauliza, "Sasa sisi tufanye nini?" Sijawahi kuulizwa swali lililonifaa kuliko hilo.

Niliwaambia mambo machache. Ukiwa na mafua, usije. Piga simu, nami nitafurahi vilevile. Ukija, nawa kwanza. Mtoto wako akitoka vipele au akipata homa, niambie siku hiyohiyo, usione haya. Na kadi za watoto wenu za kliniki, kaziangalieni. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na wengi wetu tunaisahau ile ya pili kwa sababu mtoto ameshachangamka na mama ameshabanwa na kazi. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mtoto aliye kwenye kemo hawezi kuchanjwa. Anategemea waliomzunguka. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na ili visipate njia ya kupita, karibu watu 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Yaani ile sindano ya pili ya mtoto wa Mama Fulani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ni dawa ya mwanangu, wala mimi siwezi kuinunua duka lolote.

Nilipata kuona walichokielewa. Kabla miezi miwili haijapita tangu dozi ya mwisho, ustadhi wa madrasa alinipigia simu mchana. Mtoto mmoja aliyekuwa amekaa mkeka mmoja na mwanangu jana yake ameamka na tetekuwanga. Mama yake ndiye aliyekwenda mwenyewe kumwambia ustadhi, kwa sababu alikumbuka mazungumzo ya kikoba. Tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili hata kabla vipele havijatoka, na kwa mtoto mwenye kinga dhaifu virusi vyake vinaweza kushuka mapafuni na kwenye ini. Kwa watoto wengine wote wa mtaa ni majuma mawili ya kujikuna na kukosa shule. Tulikwenda hospitali siku ileile, akaandikiwa asiklovia, na tukakaa tukimwangalia ngozi kila asubuhi kwa majuma matatu, maana vipele huweza kuchelewa hadi siku ya 21. Havikutoka. Yule mama hakufahamu kwamba alifanya jambo kubwa. Aliona ametoa taarifa tu.

Si wote walielewa, na sikutegemea waelewe. Shangazi mmoja alisema nimeingiwa na uzungu. Mwingine alisema ninamfungia mtoto kwa kutomtumaini Mungu. Aliyewajibu si mimi, ni mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Pangani siku ya Idi na kapu la maembe, na mafua aliyoyapatia kwenye basi. Alishuka kwenye bodaboda anakohoa. Mwanangu alimwona kutoka ndani akakimbilia mlangoni, mkono umeshanyooshwa, "Shikamoo, Bibi!" tayari kuubusu mkono wake kama alivyofundishwa. Bibi aliuficha mkono ndani ya kanga. "Marahaba, mume wangu. Leo marahaba ya mbali." Akaomba kigoda, akakiweka nje chini ya dirisha la chumba cha mtoto, akafunga upande wa kanga puani na mdomoni. Shangazi akasema si vizuri, mgeni amesafiri toka Tanga kumwona mjukuu anakalishwa uani kama mdai. Mama akamgeukia: "Nimekuja kumwona, si kumwambukiza. Nenda kaniletee chai."

Wakazungumza kutwa nzima kupitia nondo na wavu wa mbu. Alimsimulia jinsi mto Pangani unavyobadilika rangi mvua za masika zinapoanza, na jinsi babu yake alivyovuka kwa mtumbwi usiku kwenda kuposa. Mtoto alijibandika kwenye wavu mpaka pua ikachapwa alama za vitundu. Baadaye, mafua yalipokwisha, aliingia, akanawa hadi viwikoni, na akampakata mjukuu wake mpaka mtoto mwenyewe akachoka kupakatwa.

Nina bahati, najua. Nina bomba uani, hata kama maji hayatoki kila siku, na naweza kufika hospitali ya Muhimbili usiku. Wodini nilikutana na akina mama waliotoka Kigoma, Mtwara, Katavi. Walipomaliza dawa walirudi mahali ambapo maji hununuliwa kwa dumu na hospitali yenye antibiotiki ya mshipa iko mwendo wa nusu siku. Kumwambia mama huyo anawe mikono kila saa ni kumpa nusu ya ushauri na kumwachia nusu iliyo ngumu. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2018 mpango wa kuhakikisha kwamba kufikia mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona. Katika nchi tajiri wanaopona ni zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Watu wakizisikia namba hizi hufikiria mashine na dawa ghali. Mimi hufikiria pia barabara iliyojaa maji, simu isiyo na salio, na muuguzi wa zamu ambaye hajaambiwa kwamba homa ya mtoto huyu haingoji foleni. Katika nchi kama zetu, maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa za kuwapoteza watoto ambao dawa za saratani zilikuwa zimeanza kuwaponya. Jambo hilo linaniuma kuliko saratani yenyewe, kwa sababu sehemu yake kubwa inazuilika.

Sasa nimefika mahali pagumu zaidi, nalo ni kumwachia. Hofu iliyomlinda ikizidi muda wake inaanza kumla. Nimemwona akikataa ndizi kwa sababu mwenzake ameimenya. Nimemsikia akimwuliza babu yake, kwa sauti yangu kabisa, "Umenawa?" Watu wazima wakacheka, mimi sikucheka. Daktari alipoona namba za damu yake zinapanda kliniki baada ya kliniki, aliniambia waziwazi kwamba mtoto huyu sasa anahitaji watu kama alivyohitaji dawa. Acheze mpira. Apande mti. Apate mafua ya kawaida na kupona, kama wengine. Nilimwelewa kwa akili. Mwili wangu bado unaamka usiku na kumgusa shingo.

Majuma mawili yaliyopita tulianza chanjo upya. Kemo huweza kufuta sehemu ya kinga aliyoipata kwa chanjo za utotoni, kwa hiyo daktari amempangia za kurudia: kwanza zile zisizo na virusi hai, kisha surua, kinga ikishatengemaa. Kliniki ya chanjo ilijaa akina mama na vichanga, na mwanangu, aliyekwishang'oka meno ya mbele, alinong'ona kwamba yeye si mtoto mchanga na kwa nini wamemweka kwenye foleni hii. Muuguzi alimsikia. "Kaka, wewe leo ndiye mwenyekiti wa foleni," akamwambia, na akamwomba amsaidie kuita namba. Aliita zote, kwa sauti ya mnadi samaki, na zamu yake ilipofika hakulia.

Muhula ujao anarudi shule moja kwa moja, baada ya vipindi vingi vya kwenda na kukatiza. Darasa lina watoto wengi kuliko madawati. Nimekwenda kuonana na mwalimu wake. Amekubali kumkalisha karibu na dirisha, na ameandika namba yangu nyuma ya daftari la mahudhurio ili anipigie mara tu mtoto yeyote wa darasa hilo akionekana na vipele. Kisha akaniomba na mimi nimwahidi kitu: nitamfikisha mwanangu getini, nimwache aingie, nirudi nyumbani. Nimeahidi.